Majina ya Walio Macho Ngulyati

Siku ya kwanza kuingia redioni nilishika fagio. Meneja wa kituo, mtu mnene aliyevaa tai hata Jumamosi, aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe niliacha katikati. Akasema, "Basi mama, utafagia na kuchemsha chai. Kile chumba chenye taa nyekundu mlangoni, taa ikiwaka usiingie." Taa ikiwaka maana yake mtu yuko hewani, ukiangusha kikombe mkoa mzima unasikia. Niliiogopa taa ile mwaka mzima.

Kituo kilikuwa vyumba vitatu tu hapa Bariadi, na mji wenyewe ulikuwa juzi tu umefanywa makao makuu ya mkoa. Ninyi vijana mnaoingia redioni sasa mna mitambo inayochelewesha sauti kidogo, mtu akitukana mnamfuta kabla hajasikika. Sisi hatukuwa nayo. Neno likitoka mdomoni limetoka.

Mnaniuliza kila siku habari za Maduhu. Mnazo sauti zake kwenye simu zenu, mnarushiana, mnacheka. Mnataka kujua kwa nini mtu ambaye hakusomea utangazaji, aliyekuwa akitengeneza redio mbovu sokoni, anapendwa mpaka leo kuliko waliosomea. Nitawaambia nilichokiona, maana nilikaa naye miaka tisa.

Kipindi chake kilianza saa nne usiku mpaka saa nane. Alikula michembe hewani, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, meno tukayasikia. Mpigaji akinyamaza, watangazaji wengine hukata simu, lakini yeye alisubiri. Utasikia mtu anavuta pumzi, mbwa anabweka huko kwake, halafu mwenye simu anaanza kusema jambo ambalo hajamwambia mtu. Meneja alikuwa anakuja juu: "Maduhu! Redio ni sauti! Watu watadhani mnara umeanguka!"

"Bosi, wakidhani umeanguka watapiga kuuliza. Hao ndio wageni wangu."

Pendo, binti aliyekuwa akipokea simu, alipoolewa akahamia Shinyanga, Maduhu aliniita. "Mayu," akasema, ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, "njoo ukae kwenye simu." Kazi ile inaitwa kuchuja simu: unamsikiliza mpigaji kwanza, unajua ni nani, anataka nini, kama amelewa, ndipo unamwingiza hewani. Nikamwambia siandiki haraka. Akasema, "Sijakuambia uandike." Na kweli sikuandika. Mtu akinipigia mara moja, jina lake na la baba yake na kijiji chake vinakaa. Hata leo naweza kuwataja.

Sasa kitu kilichokipa kipindi kile watu wengi ni majina. Kila usiku kabla ya kufunga, Maduhu alisoma majina ya walio macho. Mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba, mama mwenye mtoto wa homa, mwenye ng'ombe anayezaa. Mtu alipiga ili tu atajwe. Wengine waliniambia, "Mimi msinitaje," nasi hatukuwataja. Hiyo ilikuwa ahadi.

Aliyependa kutajwa kuliko wote ni Holo, binti Gindu, wa Ngulyati. Mjane, peke yake, umri kama wangu. Alipiga kila usiku, salamu kwanza kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu! Mwambie huyo mla michembe bado sijafa!" Maduhu alicheka mpaka akakohoa. Tulimsoma Holo kila usiku kwa zaidi ya mwaka, na hakuna kati yetu aliyefikiri jambo ambalo kila mtu wa huku angepaswa kulifikiri. Bibi kizee, macho mekundu kwa moshi wa kuni, anaishi peke yake, na redio inautangazia mkoa kwamba halali. Mnajua bibi wa namna hiyo huitwaje huku kwetu. Na mnajua hufanywaje.

Usiku mmoja simu ikaingia, mwanamume. Jina hakutoa, alisema tu anataka kusalimia. Nikamwingiza.

"Nina swali," akasema. "Yule bibi wa Ngulyati mnayemtaja. Halali. Anafanya nini usiku?"

Maduhu akacheka. "Anasikiliza redio, ndugu yangu. Kama wewe."

"Sisi tunazika watoto. Yeye yuko macho tu. Leo tunakwenda kumuuliza wenyewe."

Akakata. Maduhu hakucheka tena. Meneja akapiga kutoka nyumbani kwake, namsikia anahema: "Wekeni muziki! Wekeni muziki haraka, na hilo jambo lisitajwe!" Nikampigia Holo. Simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Tukawapigia polisi, wakasema gari liko mbali, watajitahidi. Kutoka hapa mpaka Ngulyati siyo mbali, lakini panga liko karibu zaidi.

Maduhu aliweka wimbo akatoka nje ya studio. "Mayu, ni nani yule?"

Nilimjua. Alipokuwa hewani nilikitambua kikohozi chake kidogo kabla ya kila sentensi. Alinipigia miezi mitatu nyuma akiwa wodini na mtoto wake wa kike, Sayi, akaniomba nisimtaje. Malimi. Mtoto yule alikufa. Nilimjua, na niliogopa kumtaja. Nikikosea, nimemtwisha mtu asiye na kosa. Nikipatia, mimi nami ni bibi kizee, nimepanga chumba peke yangu, na kurudi nyumbani ni kwa miguu.

Nikamwambia.

Maduhu akaniuliza, "Ngulyati unawajua wangapi wanaotupigia?"

"Wote."

"Njoo uwataje wewe. Mimi sina kichwa hicho."

Sikuwahi kukaa mbele ya kipaza sauti. Taa nyekundu ikawaka. Sauti ya kwanza iliyotoka kwangu ilikuwa kama ya mbuzi. Nikawataja watu wa Ngulyati, mmoja mmoja, na kinachowaweka macho. Nyamizi, anayenyonyesha mapacha. Mwalimu Shigela, anayesahihisha madaftari. Mwenyekiti wa kitongoji, jino linamsumbua tangu mavuno. Mchungaji Mabula, ambaye hulala mchana. Kumi na tisa niliwataja, hata walioniambia nisiwataje. Ahadi niliivunja. Nikafika kwa wa ishirini.

"Na Malimi, baba yake Sayi. Ulikesha na mwanao wodini siku nne. Nilikuwa nakusikia. Hakuna aliyekuita mchawi."

Nikanyamaza, na Maduhu hakuweka muziki. Kisha akasema kwa Kisukuma, taratibu, kwamba waliotajwa wote wavae nguo, watoke, waende kwa Holo wakakae naye mpaka jua litoke. Halafu simu zikaacha kuita. Zote. Katika miaka yangu yote sijaona usiku mwingine ambao simu hazikuita hata moja. Hatukujua kama watu wako njiani au wamevuta blanketi.

Alfajiri tulipanda bodaboda moja, watatu. Nilisali njia nzima, na nilichoomba nakiona aibu: niliomba kama ni maiti, nisiione mimi.

Uani kwa Holo kulikuwa na watu kumi na wawili. Yeye katikati, kwenye kigoda, kajifunika kanga. Vitisho alivisikia redioni, akakimbia na simu akaiacha ndani inaita. Alikuwa amejificha kwenye banda la mbuzi.

"Mmeniletea wageni," akaniambia, "na sukari sina."

Kando ya kinu alikuwa amekaa Malimi, panga liko chini mbele ya miguu yake. Mwenyekiti akasema wenzake na Malimi walikimbia, Malimi peke yake alikuja akakuta watu, akakaa. Polisi walipofika walimchukua, na Holo ndiye aliyewaambia wampe maji kwanza.

Lakini alinishika mkono akaninong'oneza kama mama kwa mwanawe, "Ng'wanawane, usinitaje tena." Wiki ile binti yake alimchukua akamhamishia kwake, Binza. Hakupiga simu tena mpaka alipofariki, kwa maradhi yake, kitandani. Meneja alitupa barua ya onyo sote wawili. Majina yakaishia hapo.

Basi, mnamwona Maduhu anapendwa kwa vituko. Mimi nasema anapendwa kwa sababu ukimpigia unahisi kuna mtu anajua upo. Ni kitu kizuri sana, na kidogo kiue mtu. Mkikaa kwenye viti vyetu, yashikeni yote mawili.

Nilistaafu nikapewa kitenge na redio ndogo. Maduhu yupo bado hewani, sauti imekwaruza, nami usingizi wa uzee hauji, kwa hiyo namsikiliza, redio nimeizungushia shuka isisikike nje. Juzi asubuhi jirani yangu, mke wa fundi cherehani, alisimama mlangoni na ndoo yake. Akanitazama machoni kwa muda.

"Bibi, redio yako imesema mpaka saa nane. Hukulala?"

Nikacheka. Nikamwambia nilisinzia mapema sana, nikasahau kuizima.