Pampu Iliyolala Nyamarambe

Sikuondoka nyumbani Mosocho kwenda kutembea. Mtu mwenye akili zake hapandi vilima vya Nyamarambe kwa baiskeli isiyo na upepo eti aone nchi. Nchi niliiona, ndiyo, lakini niliiona kwa hasira, na nitaisimulia hivyohivyo. Nilikwenda kuchukua pampu yangu.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nauza mayai. Niliyanunua kwa akina mama wa hapa kwetu na wa upande wa Nyamira, nikayahesabu mara mbili, nikayapanga katika vikapu viwili vyenye majani makavu ya migomba, na kila Jumatatu alfajiri nikayapeleka kwenye hoteli moja mjini Kisii. Mayai hayataki mchezo. Tairi likiwa legevu, ringi inagonga kila jiwe na tyubu inakatika. Likiwa gumu kupita kiasi, baiskeli inaruka na mayai yanasalimiana humo kikapuni. Kwa hiyo kila Jumapili jioni nilipiga pampu uani kwangu: la nyuma gumu, kwa sababu ndilo libebalo, la mbele nikaliachia kidogo. Nilibonyeza kwa dole gumba, nikabonyeza tena asubuhi kabla ya kufunga vikapu, maana tairi linaweza kukudanganya jioni likakuambia ukweli asubuhi. Fundi wa mjini hawezi kukufanyia kazi hiyo. Mayai hupakiwa nyumbani, na upepo lazima uwe nyumbani.

Sasa Ondieki, mdogo wa mke wangu, alikuja kutoka kwao Nyamarambe kutusalimu, akaondoka na pampu. "Ya siku moja tu, shemeji." Siku moja ya Nyamarambe, nilikuja kugundua, ina mwezi mzima ndani yake.

Jumatatu moja nikafika hotelini kiini cha mayai kikichuruzika kwenye spoki. Mpishi, mtu mnene asiye na haraka, aliyatoa moja moja, yaliyovunjika akayaweka kando ili niyaone vizuri.

"Mzee," akasema, "mimi niliagiza mayai, hukuambiwa ulete uji. Jumatatu ijayo nikikuta ute kwenye haya majani, nitanunua kwa yule wa Suneka."

Hoteli hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba yangu. Mnunuzi mwingine wa kiasi hicho sikuwa naye.

Nilipita dukani kuuliza pampu mpya. Mwenye duka akataja bei ya mbuzi. Nilichomoa mpini nikatazama ngozi ya ndani: imekauka, haiwezi kusukuma hata pumzi ya mtoto. Nikamwambia mbuzi wa bei hiyo angalau hulia. Na tena, kununua kitu ambacho tayari ninacho, kwa sababu mtu mwingine amekikalia, mwili wangu ulikataa kabisa.

Mke wangu Kemunto alikuwa ananyonyesha. "Baba Moraa," akaniambia, "pampu hiyo ni yangu kuifuata. Mtoto akipona kikohozi nitakwenda."

"Jumatatu haingoji kikohozi."

"Haya. Utafika kwa mama useme nini?"

"Nitasema nataka pampu yangu."

Alicheka mpaka mtoto akaamka. Alikuwa na sababu. Kwetu Wagusii, kati ya mkwe na mama mkwe kuna chinsoni, heshima ya kuoneana haya. Huingii nyumbani mwake, humtazami usoni, hupandishi sauti akisikia, humpingi, wala humdai kitu. Nilijua yote hayo. Nilidhani nitakutana na Ondieki peke yake, nimwambie maneno machache makali, nigeuze baiskeli.

Ijumaa asubuhi jirani aliyekuwa na pampu ya kuazima, ya kurudishwa siku hiyohiyo, alinipa upepo, huku akiuliza yangu iko wapi. Nikamwambia imesafiri.

Nilipoingia mjini Kisii tairi la nyuma lilikuwa limeshalegea. Fundi mmoja kando ya barabara aliweka mate kwenye vali, mate yakatoa mapovu. Kale kampira ka vali kalikuwa kameoza. Akakabadilisha, akaanza kupiga pampu.

"Inatosha," nikasema.

"Bado."

"Nimesema inatosha. Sina mzigo leo."

"Mzee, upepo ni bure. Umelipia mkono." Akaendelea mpaka tairi likalia kama ngoma.

Saa sita mchana, mbele ya Suneka, niliegemeza baiskeli juani nikachagua ndizi kwa mama mmoja. Tairi likapasuka kwa kishindo, mbwa akakimbilia shambani. Yule mama hakugeuka hata.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Tyubu."

"Pole. Ndizi unachukua ama huchukui?"

Nilichukua, baada ya kumshusha kidogo, na hata hiyo bei niliyomshushia sikuifurahia. Kiraka na gundi nilikuwa navyo. Nikaziba vizuri sana, kisha nikakaa nikiitazama kazi yangu nzuri isiyo na upepo. Nikaanza kusukuma. Mtu anayesukuma baiskeli huonekana mjinga kuliko anayetembea kwa miguu, na kila niliyepishana naye alihakikisha nimelijua hilo.

Kwenye daraja la Gucha, mkulima mmoja aliyekuwa anatoka kupeleka majani chai alinionea huruma. Alinipigia pampu kwa kipimo, kama dawa. "Ukuishie mlimani," akasema, "si mimi niishiwe na mikono." Nilipanda nikashuka, nikapanda tena, nikimtaja Ondieki kila mteremko.

Jioni nikafika soko la Nyamarambe, akina mama wakifunga vibanda. Nikamuuliza mmoja kama amemwona Ondieki.

"Ondieki yupi? Wa upepo?"

"Wa upepo?"

"Si yule anayejaza watu matairi hapa siku ya soko. Ana pampu nzuri kweli. Wanasema aliletewa na shemeji yake."

Nilishukuru. Sijui kama ilisikika kama shukrani.

Nilipoingia uani kwa wakwe jua lilikuwa limezama. Ondieki alitoka kwenye kibanda chake amevaa shati safi.

"Bwairire, shemeji. Karibu. Umetukuta Sabato imeingia. Mambo ya biashara tumeyafunga mpaka kesho jioni."

"Kupumua pia mmekufunga?"

"Kupumua kunaruhusiwa." Akacheka, akashika baiskeli. "Mbona imechoka hivi?"

Kabla sijamjibu ipasavyo, sauti ya mama mkwe ilitoka nyumbani mwake, ng'ambo ya ua, mlango ukiwa wazi nusu.

"Ondieki, mgeni wetu ni mzima? Binti yangu mzima, na watoto? Amekuja kwa heri?"

Na huu mdomo wangu, ambao umewashusha bei wafanyabiashara wa Kisii na wa Nyamira, ukasema kwa adabu kubwa: "Ni heri, mama. Nimekuja kuwasalimu tu."

Hapo nilijifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Aliyekuja kusalimu tu hawezi kukumbuka ghafla kwamba alifuata pampu.

Jumamosi nikapelekwa kanisani, mimi Mkatoliki, nikakaa benchi la mbele kama mgeni wa heshima. Mahubiri yalihusu subira, na sikuyapenda. Mchana nililetewa ugali wa wimbi na nyama iliyopikwa jana yake kwa sababu ya Sabato. Nikala, nikimtafuna Ondieki kwa macho.

Jua lilipotua nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya migomba.

"Iko wapi?"

"Shemeji, usikasirike."

"Nimeshakasirika tangu Suneka. Iko wapi?"

"Sandukuni kwa mama. Sabato iliyopita alinikuta nyuma ya kanisa nikimjazia mtu tairi kwa malipo. Mama akaninyang'anya hapohapo."

"Nenda ukaichukue."

"Alisema haitoki mpaka mwenyewe atume mtu wa kuiulizia. Alidhani dada atakuja." Akanitazama, mdomo ukimcheza. "Sasa mwenyewe yuko hapa, ila amekuja kusalimu."

Nilimwambia maneno ambayo hadithi hii haiyahitaji, nikayasema kwa kunong'ona, kwa sababu mlango wa mama mkwe ulikuwa hatua chache tu. Jaribu siku moja kumtukana mtu kwa kunong'ona. 

Jumapili asubuhi nikaaga. Tairi la nyuma lilikuwa limekaa chini, ringi juu ya udongo. Nikaanza kuisukuma baiskeli kuelekea lango, Jumatatu ikinisubiri mjini, yule wa Suneka akiniona kwa mbali.

"Ondieki," ikaita sauti ya mama mkwe kutoka ndani.

"Naam, mama."

"Mgeni anaondoka, na nina mzigo wa binti yangu. Ampelekee."

Ondieki akaingia, akatoka na kitu kirefu kilichofungwa kitambaa. Akakiweka juu ya keria. Nilikijua kwa uzito.

"Na ujumbe upo," sauti ikaendelea. "Binti yangu aambiwe kwamba tumezoea pampu hapa. Ondieki akikaa bure atarudia karata. Mwezi huu alete nyingine, mpya, yenye ngozi nzuri, nami nitasimamia isifanye kazi Sabato. Mwenye kupinga aseme."

Aliposema hivyo alijua vizuri nani haruhusiwi kusema. Nilisimama. Kuku walipita. Nilikuwa na majibu mengi na bei za kuanzia, zote nzuri.

"Nimesikia amekubali," akasema mama mkwe. "Safari njema."

Nilijaza matairi nje ya lango, la nyuma gumu, la mbele nikaliachia. Nilipofika penye jua kali nilifungua vali nikatoa upepo kidogo, sikungoja tairi linifundishe mara ya pili. Baiskeli ikateleza mpaka Mosocho bila kelele, nami nikagombana na mama mkwe njia nzima, peke yangu, na hata hivyo sikushinda.

Jumatatu alfajiri nilibonyeza matairi kwa dole gumba, nikafunga vikapu. Mpishi aliyatoa mayai moja moja, akapekua majani mpaka chini. Makavu.

"Haya," akasema. "Bei ileile."

Sikujibu. Haikuwa ujanja. Nilikuwa bado uani Nyamarambe, nikitafuta neno ambalo ningemwambia yule mama. Mpishi akanitazama, akahamisha uzito kwenye mguu mwingine, akaongeza kidogo. Nikaendelea kunyamaza. Akaongeza tena.

"Mzee, umekuwa mgumu," akasema.

Nikashukuru. Toka hapo, mtu akitaja bei, nanyamaza kama mkwe aliyesimama uani kwa mama mkwe. Pampu yangu naifungia mwenyewe, na anayeiomba ya siku moja namjazia tairi papo hapo, aende zake. Na ile nyongeza ya mpishi ya mwezi huo, yote, hadi senti ya mwisho, ilikwenda Nyamarambe ikiwa pampu mpya yenye ngozi nzuri, mkononi mwa Kemunto.