Nyuzi Sita Zilizolegezwa

Leseni iliyo ukutani inaonyesha kwamba mnunuzi wa magitaa na banjo zilizotumika alifungua duka lake tarehe 4 Juni 2001. Kila chombo hukipokea kwa maneno yale yale, "Lete mgonjwa tumwone," kisha hunusa tundu lake, hugonga mbao kwa kifundo cha kidole na kulegeza nyuzi zote ili akague shingo. Vidole hufanya kazi hiyo vyenyewe huku mdomo ukiendelea na utani. Jumanne iliyopita mjane mmoja alimletea gitaa la marehemu mumewe. Alipomaliza kutafuta simu mkobani na kuinua macho, uzi wa sita ulikuwa umeshalegea.

"Kaka, umefanya nini?" mjane alimaka. "Mume wangu alizikaza kwa namna yake mwenyewe, hakumfundisha mtu! Nilitaka nirekodi mlio wake kwanza, ndio nikuuzie."

Mnunuzi aliondoa mkono kwenye gitaa kama aliyeungua. Utani ulimwisha. "Shemeji," alisema, "nani mwingine alikuwa akimsikia akipiga kila siku?"

Jumamosi hii mjane atamleta mama mkwe wake, aliyelala chumba cha pili miaka yote mwanawe alipokuwa akipiga, na mnunuzi atakaza uzi mmoja mmoja mpaka bibi aseme, "Hapo."