Majini Sita ya Ludovika

Ludovika alikuwa anatafuta viroboto chini ya godoro la binti yake akakuta majini. Yalikuwa kwenye vitabu sita vyembamba vilivyofungwa kwa kamba ya katani, na juu ya jalada la kwanza alisimama mwanamke mwenye midomo myekundu na kwato za ng'ombe. Ludovika akakaa kitandani. Kwa watu wengine wa kijiji cha Gitting ilikuwa asubuhi ya tarehe moja Julai tu, ukungu mpaka mlangoni. Yeye alikuwa anaona kipaimara cha mtoto kinaondoka.

Maana Jumapili iliyopita Katekista Yoakimu alikuwa ametangaza kanisani kwamba Askofu anakuja tarehe ishirini na nane, na kwamba mtoto yeyote atakayekutwa na vitabu vya majini atafutwa kwenye orodha ya kipaimara. Askofu akishaondoka harudi mpaka miaka mitatu ipite. Katekista alieleza hatari ya mapepo kwa dakika arobaini, kisha akaenda kwake kwa njia ya kuzunguka, asipite karibu na ile chemchemi ya mizimu ambayo hakuna Mkristo wa kijiji aliyewahi kukata hata kijiti kando yake. Hawaogopi kitu pale. Wanaheshimu tu.

Brightness aliitwa. Alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, na hakuonekana kushtuka vya kutosha.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya mwalimu wa Kiswahili, mama. Ametuazima tusome likizo."

Mwalimu huyo alikuwa amepangiwa kazi huku kutoka Tanga, na kwa Ludovika hiyo peke yake ilikuwa nusu ya kesi.

"Ni hadithi tu, mama."

"Mimba ya binti wa Akonaay nayo ilianza kwa hadithi tu."

Baltazar, mume wake, alikuwa anakunywa chai. "Choma," akasema, akaomba sukari. Baltazar hutatua mambo haraka sana, mradi kiberiti kishikwe na mtu mwingine.

Lakini Ludovika hakuchoma. Alijiambia kwamba mama mwenye akili hawezi kumwonya mtoto juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe hajui ndani kina nini. Ilikuwa sababu nzuri kabisa. Ilimfikisha mpaka katikati ya kitabu cha pili, na kuanzia hapo hakuhitaji sababu nyingine.

Aliishia darasa la saba, na tangu hapo alikuwa amesoma misale ya waumini na maelezo ya chanjo ya kuku. Alisoma kwa kidole chini ya mstari, midomo ikitembea, amejificha stoo kati ya magunia ya shayiri. Kila kitabu alikivalisha karatasi ya kalenda ya parokia, ili atakayemwona aone Familia Takatifu kwa nje. Ndani, jini wa baharini alikuwa amempenda msichana mmoja wa Pangani, fundi cherehani. Alikuwa anamletea dhahabu kwenye ndoo, na usiku anamshonea nguo zote za wateja. Fundi akiamka anakuta kazi imekwisha.

"Na bado anamkataa," Ludovika alinong'ona peke yake. Baltazar, ambaye hajawahi kumletea hata kuni, alikuwa nje anapiga mluzi.

Wiki ya pili alirudia kitabu cha tatu tangu mwanzo. Alisema ni ukaguzi. Ugali uliungua mara mbili, na maziwa yalichemka yakamwagika jikoni, naye akamlaumu paka.

Ukaguzi huo ulikuwa na gharama yake. Kitabu kilisema jini akijigeuza mtu hutambuliwa kwa miguu tu. Kwa hiyo Ludovika, ambaye kwa kawaida huhofia mafuriko, kichomi, pikipiki na wavulana wa sekondari, aliongeza miguu. Tabu ni kwamba Julai Gitting yote inavaa mabuti ya mpira. Jini akitaka kuishi kwa amani bila kusumbuliwa na mtu, hakuna kata inayomfaa zaidi. Mnunuzi mmoja wa viazi alikataa kuvua mabuti mlangoni, akarudi bila viazi, na hajui mpaka leo alikosea wapi.

Aliyemkamata ni Gaudensia, jirani yake, mwanamke ambaye huja kuomba chumvi akiwa na chumvi. Aliingia stoo bila hodi.

"Mama Brightness, unasali?"

"Nasali."

"Sala gani hiyo inakuchekesha?"

"Ya furaha."

Gaudensia aliangalia Familia Takatifu, halafu akainama, akachungulia ndani. Kwenye ukurasa kulikuwa na mchoro wa jini amevaa kanzu, anapima kiuno cha mtu kwa futi ya fundi.

"Haya," alisema. "Endelea kusali." Akaondoka, na chumvi hakuomba.

Jumamosi ya tarehe ishirini sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya kwa Ludovika. Viti viliazimwa, mabenchi yakaletwa, wazee wakakaa karibu na mlango na akina mama ukutani. Brightness alikuwa anagawa vikombe. Katekista Yoakimu, ambaye kwa kawaida jumuiya hiyo humtumia salamu tu, siku hiyo alikuja mwenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

Baada ya somo alisimama. "Nimesikia, na sisemi kwa nani, kwamba kuna nyumba hapa ina vitabu vya majini." Watu wote wakamwangalia Gaudensia, naye akaangalia bati. "Na nyumba hiyo ina mtoto wa kipaimara. Brightness, simama."

Brightness akasimama na birika mkononi. Ludovika akapiga hesabu. Siku nane zimebaki, gauni jeupe liko kwa fundi, na huyu anatoa kalamu mfukoni.

"Mnajua vitabu hivi vinafundisha nini?" Katekista aliuliza, akitazama akina mama. "Msichana anapewa dhahabu na jini. Anatamani. Anaolewa naye! Anazaa mtoto mwenye kwato! Hayo ndiyo mnataka mabinti zenu..."

"Hajaolewa," Ludovika alisema.

Hakuwa amekusudia. Yalitoka yenyewe, kama mtu anavyomrekebisha anayekosea njia ya kwenda kwake.

"Umesemaje, mama?"

"Hajaolewa naye, Katekista. Na mtoto mwenye kwato ni wa yule mganga, wala si wake. Umechanganya." Kila mtu alikuwa amegeuka. Mdomo ukagoma kufungika. "Kitabu cha sita, jini anakuja na dhahabu ya mwisho, kubwa kama debe. Fundi anamwambia, mimi siolewi barabarani, leta wazee wako kwa baba yangu. Jini hana wazee. Ana majumba saba chini ya maji, lakini hana hata mjomba mmoja wa kumsemea. Analia, anarudi baharini, basi. Imeisha."

Kisha Bibi Qamara, mzee kuliko wote pale, akagonga fimbo chini.

"Huyo msichana kalelewa," alisema. "Wa hapa kwetu wanaondoka na mtu wa bodaboda bila hata kumjua shangazi yake."

"Shikamoo bibi, tafadhali," Katekista alisema, akijaribu kurudisha mkutano mikononi. "Mama Brightness. Wewe umejuaje yote hayo?"

"Nimesoma. Vyote sita. Viko mikononi mwangu tangu tarehe moja, na mwenye kusoma nyumba hii ni mimi."

"Basi nifute jina la nani?"

"Fuata ulichotangaza. Ulisema mtoto wa kipaimara atakayekutwa navyo. Aliyekutwa navyo ni mimi, muulize anayeangalia bati. Nami kipaimara nilipata zamani. Kama kinafutika, kifute."

Katekista aliitazama kalamu yake. Alikuwa amefundisha miaka ishirini kwamba hakifutiki, na nusu ya waliokaa pale walikuwa wanafunzi wake. Akarudisha kalamu mfukoni. Ludovika akapewa kufagia kanisa Jumamosi nne, vitabu virudishwe kwa mwenyewe, na wimbo wa kufunga ukaanzishwa haraka kabla Bibi Qamara hajauliza zaidi habari za mganga.

Tarehe ishirini na nane Brightness alipakwa mafuta, gauni jeupe, uso umekunjamana. Kila mtu alidhani ni uchaji. Ludovika peke yake alijua mtoto hajamsemesha tangu Jumamosi ile. Mchana, wali ukiwa mezani, akashindwa kuvumilia.

"Wewe. Nimekuokoa mbele ya kijiji kizima, nafagia kanisa kwa ajili yako. Nimekukosea nini?"

Brightness aliweka kijiko chini, macho yakamjaa machozi.

"Mimi nilikuwa nimefika kitabu cha nne, mama," alisema. "Kwa nini umewaambia mwisho?"