Chausiku na Matembezi ya Mkwewe

Kule Kinole, Chausiku Kibwana alijulikana kwa jambo moja: haamini mtu. Mchuuzi wa pilipili manga akija na mzani wake, yeye hutoa wa kwake. Akialikwa chai, husubiri mwenye nyumba anywe kwanza. Hakuzaliwa hivyo. Mumewe alipofariki, mashemeji walikuja kulia msibani huku wanalipima kwa macho shamba lake la mikarafuu, shamba la ukoo wa mama yake ambalo kwa mila ya Waluguru halikuwahusu hata kidogo. Ilibidi aende ofisi ya kata kulitetea na eda haijaisha. Tangu hapo akaweka macho nyuma ya kichwa.

Binti yake Nasra alipoleta mchumba Mjapani, mwalimu wa kujitolea aliyefundisha hesabu Morogoro mjini, Chausiku alimchunguza msimu mzima. Kohei alisilimu, akaitwa Yusuph, akajua kuamkia wakubwa na kula ugali kwa mkono. Hakumwona na doa. Hilo nalo likamtia shaka. Ndoa ikafungwa, wakahamia kwao mume, Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku, Japani. Mwaka jana wakamkatia tiketi akawatembelee.

"Wamekuita kuna nini?" aliuliza jirani yake Shakila. "Safari ya ndege si ya bure, dada."

"Ndicho ninachokwenda kukiona," alijibu Chausiku.

Alipofika, hakukaa chini. Kila kukicha Yusuph alimpakia kwenye gari. Leo wanakwenda kwenye mlango wa bahari, wasimame juu ya daraja watazame maji yakizunguka chini yao kama uji unaokorogwa, yanafunguka shimo na kujifunga. Kesho wanapanda milimani, kwenye daraja lililosukwa kwa mitambaazi, na mto unaonekana kati ya vidole vya miguu. Matembezi yalikuwa mazuri, hakukataa. Lakini kwao mgeni hukalishwa, akatambulishwa kwa ndugu mmoja mmoja. Yeye anazungushwa kama mtu asiyetakiwa nyumbani.

Kisha aliona jambo jingine. Yusuph alipiga picha kila kitu: mawe ya ufukweni, kituo cha treni, hata mti wa kaki, tunda la kwao, nje ya shule aliyosomea. Mtu gani hupiga picha kwao kama mgeni? Na usiku, akiingia jikoni, minong'ono ya mke na mume ilikatika ghafla.

"Nasra, mama yake mumeo yuko wapi?"

"Yuko milimani, mama. Mzima tu."

"Mbona hatujasalimiana?"

"Ana kazi nyingi."

"Kazi gani haiachwi hata mkwe akivuka bahari?"

Nasra akainama kuosha sufuria lililokwisha takata. Chausiku akalala akiwaza. Huenda huko milimani kuna mke mwingine. Huenda mama huyo hamtaki Nasra kwa sababu ya rangi yake. Asubuhi Yusuph alipochukua funguo za gari, alimkuta mkwewe amekaa chini, kajifunga khanga, hatikisiki.

"Leo siendi kuona maporomoko, baba. Nipeleke kwa mama yako."

Walitazamana, mke na mume. Kisha Yusuph akasema, "Sawa, mama."

Barabara ilipanda bondeni ikijipinda, ukungu umelalia miti kama Uluguru wakati wa masika. Lakini nyumba zilifungwa, na nyasi zimeota milangoni. Kwenye kituo cha basi palikuwa na watu wamekaa. Chausiku aliwapungia mkono. Hakuna aliyejibu. Shambani mzee alikuwa ameinamia jembe, na jembe halikuinuka. Gari lilipokaribia ndipo akaona: nyuso za kitambaa, macho ya vifungo, majani makavu yakichungulia mikononi.

"Audhubillahi! Nani kaweka haya?"

"Mama yangu," alisema Yusuph, polepole.

Bi Fumie, mama yake Yusuph, alikuwa mwembamba, mgongo umepinda, aproni kiunoni. Aliinama kwa heshima, Chausiku naye akapiga goti. Wakaletewa chai. Chausiku akamsubiri mwenyeji aanze. Mwenyeji naye, macho yake makali hayakubanduka kwa mgeni, hakugusa kikombe. Chai ikapoa.

Hapo ndipo Chausiku alipoona, kando ya kikapu cha nyuzi, mdoli ambao haujakwisha. Umevaa koti la bluu. Kidevuni umetiwa kidoa cha uzi mweusi, palepale Yusuph alipo na baka lake. Akasimama. Kwao mfano wa mtu aliye hai haushonwi kwa heri.

"Nasra! Muulize huyu ni nani."

Bi Fumie alisema maneno mengi, sauti haikupanda wala kushuka. Nasra akatafsiri. "Anasema anawashona watu wa bonde hili. Mtu akifa au akihama, humweka mahali alipozoea kuonekana. Ili pasiwe patupu."

"Yusuph hajafa. Wala hajahama."

Yusuph alitazama mkeka. Zile picha, ile minong'ono, yale matembezi yasiyoisha, yote yakamjia Chausiku kwa pamoja.

"Yusuph, nitazame. Mnarudi kwetu?"

"Ndiyo, mama. Kuna shule Morogoro imenikubali. Nilitaka kuiona nchi yangu kwanza. Sikujua nianzie wapi kumwambia mama yangu."

"Na mimi mkanificha?"

"Usingeweza kukaa mbele yake ukanyamaza," alisema Nasra.

Bi Fumie akasema tena, safari hii akimwelekea mwanawe, na Nasra akatafsiri huku machozi yanamtoka. "Anasema alijua. Yusuph alikuja kupiga picha kaburi la baba yake. Kaburi halikimbii. Anayelipiga picha ndiye anayekimbia." Akafuta uso. "Sasa anakuuliza wewe, mama. Wewe ndiye uliyekuja kumchukua?"

Chausiku alihisi furaha ya kurudishiwa mwana, na aibu ya furaha hiyo.

"Mwambie sikujua. Mwambie nilidhani yeye ndiye anayenificha kitu."

Mama yule alimtazama usoni. Hakuonyesha kuamini. Lakini aliinuka, akachukua ndoo ya maji, akamwashiria amfuate hadi kaburini. Akalimwagia jiwe la kaburi maji. Chausiku akainua mikono, akamwombea marehemu asiyemjua.

Majani ya miti yalipochipua tena, Nasra na mumewe walihamia Mwembesongo, Morogoro mjini. Bi Fumie alikataa kuondoka bondeni kwake, na hakuna aliyemlazimisha. Kila Ijumaa wakipanda Kinole, Chausiku huuliza kabla hata ya chakula.

"Umempigia mama yako?"

"Nimempigia, mama."

"Piga tena, nisikie."

Uso wa Bi Fumie hutokea kwenye simu. Wanawake wawili hutazamana, hawana lugha, mmoja akainua figili, mwingine kishada cha pilipili manga. Juzi Bi Fumie alisema jambo, akamtolea macho Chausiku, kisha akacheka peke yake.

"Anakusalimu," alitafsiri Yusuph.

Chausiku akaguna. Maneno yale yalikuwa mengi mno kwa salamu.