Kazi ya Mihayo Ilikuwa Kufa Kwanza

Simu mbovu ndiyo iliyomwingiza Mihayo mwana wa Shibuda kwenye ule mchezo, na simu hiyohiyo ndiyo iliyompangia nafasi.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, Msukuma wa Nyakahura kule Biharamulo, mtoto wa wafugaji waliohama Shinyanga na ng'ombe wao kabla yeye hajazaliwa. Miaka mitatu nyuma alimwachia baba yake fimbo, akaja Nyamiaga, pembeni ya mji wa Ngara, akapata kazi kwenye mashine ya kusaga. Kutwa alimimina mahindi na muhogo mkavu kwenye mdomo wa mashine. Akitoka kazini alikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi kucha, akikohoa unga.

Jumapili moja tundu la chaji la simu yake liligoma. Akapanda mjini kwa fundi simu aliyekuwa jirani na stendi, kijana Mhangaza wa hapohapo aitwaye Clever. Akamkuta fundi ameacha kazi. Yeye na wenzake watatu walikuwa wamebanana kwenye benchi moja, kila mtu kainamia simu yake, wanapigiana kelele kama watu wanaozima moto. Wawili walikuwa bodaboda, Gaspari na Matiasi. Wa tatu alikuwa msichana muuza mitumba wa sokoni, jina lake Recho.

Ulikuwa mchezo wa watano kwa watano. Kila upande una ngome yake, katikati kuna njia tatu, mto na vichaka, na unavunja minara ya mwenzako mmoja mmoja mpaka umfikie ngomeni. Kila mchezaji ana shujaa wake na kazi yake. Kuna wa kuua, kuna wa kurusha mishale kwa mbali. Halafu kuna mmoja anaitwa sapoti. Huyo hutangulia kichakani kuangalia kama adui amejificha, huwaponya wenzake wakijeruhiwa, huweka mwili wake mbele wapigwapo. Adui akidhoofika, sapoti humwachia mwingine ammalize, sifa ziende huko.

"Wa tano wetu kaenda ukweni Bugarama," Clever akasema bila kuinua macho. "Wewe Msukuma, simu yako inawaka?"

"Inawaka, ila nzito."

"Basi utakuwa sapoti. Sapoti hahitaji simu nyepesi. Anahitaji kufa tu."

Wakacheka. Mihayo naye akacheka, kama mgeni anavyocheka utani wa wenyeji.

Siku hiyo walishinda mara tatu mfululizo, na yule wa tano aliporudi kutoka Bugarama alikuta nafasi yake imekaliwa. Maana Mihayo alikuwa na jambo ambalo hakufundishwa na simu. Tangu ana miaka saba alichunga ng'ombe porini, na mchungaji hahangaiki na ng'ombe anayemwona, humtafuta asiyemwona. Kwenye mchezo pia hakuwatazama maadui walio mbele yake. Aliwahesabu waliopotea kwenye ramani, akajua wamejibanza wapi.

"Ludini!" alikuwa akiita. "Watatu hawaonekani! Wako kichaka cha mtoni!"

"Ludini, ludini," Clever alimwigiza, huku wale bodaboda wakishika mbavu. "Kwanza jifunze herufi, ndiyo utupangie vita."

Hawakurudi. Basi Mihayo alitangulia yeye, akaingia kichakani peke yake, akauawa mbele ya macho yao ili waamini. Wakishaamini, waliua na kushinda. Mwisho wa mchezo kioo huandika kila mtu ameua wangapi, amekufa mara ngapi, amesaidia mara ngapi. Kwa Mihayo kiliandika: sifuri, kumi na moja, ishirini na tatu. Watu walisoma tarakimu mbili za mwanzo, wakafunga.

Wakamwita Pumba. Clever ndiye aliyelitoa jina hilo, kwa sababu ya ile kazi ya mashineni, na kwa sababu pumba ni pumba.

Mwaka ukapita. Timu ikajiita Rusumo, ikapata jina. Ukipita stendi Jumapili alasiri ungekuta watu wamelizunguka lile benchi wakitazama. Clever akaanza kurekodi michezo yao na kuirusha mtandaoni. Siku moja alikusanya vifo vya Mihayo, arobaini kwa hesabu, akaviunganisha kuwa video moja, na kwenye kila kifo akaweka sauti ya punda akilia.

Video ile ilifika mashineni kabla ya mwenyewe. Mihayo alikuta akina mama waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao wameizunguka simu moja, wanacheka mpaka machozi. Walipomwona wakacheka zaidi.

"Njoo ujione unavyokufa, mwanangu," mmoja wao akamwita, wala hakuwa na nia mbaya.

Akaenda akajiona. Aliitazama mpaka mwisho. Na kwenye kona ya kila kifo, pale ambapo jicho la anayecheka halifiki, alimwona Clever akitoroka mzima. Mara zote arobaini. Akamrudishia yule mama simu yake, akawasha mashine, akawasagia wote.

Kwa nini hakuondoka? Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimwita kwa jina lake, naye ni Recho. Recho alikuwa mrusha mishale wa timu, na mrusha mishale asipokingwa hadumu. Mihayo alisimama mbele yake kila mchezo. Wakati mwingine Recho alimwekea chapati kwenye karatasi. "Kula, Mihayo. Leo umenifia mara nyingi." Kwa maneno hayo Mihayo angeweza kusaga wiki nzima bila kusikia kikohozi.

Mwezi wa tano wakasikia kwamba kutakuwa na mashindano mjini Biharamulo, na timu itakayoshinda itakwenda Mwanza kucheza na za mikoa mingine. Hapo ndipo Recho alipomleta Philbert. Philbert alikuwa mgeni mjini, kijana nadhifu mwenye simu mpya, ameajiriwa kwenye ofisi moja, na tayari alikuwa amejitambulisha kwa wazazi wa Recho.

"Mfundishe kusapoti," Recho akamwomba Mihayo. "Mmoja wetu anaweza kuugua siku ya safari. Tuwe na akiba."

Mihayo akamfundisha. Wiki sita, kila Jumapili baada ya misa, alikaa bega kwa bega na mchumba wa Recho akimwonyesha jinsi ya kuhesabu wasioonekana, lini kutangulia, lini kuponya. Alimpa yote aliyokuwa nayo. Philbert alikuwa mwanafunzi mwenye adabu, ila kila mara alijipangusa unga wa Mihayo kwenye mkono wa shati.

Siku ya safari ilifika, Jumamosi asubuhi. Noah waliyoikodi ilikuwa inanguruma stendi. Clever akafungua mfuko akagawa jezi: yake, ya Gaspari, ya Matiasi, ya Recho. Ya tano akamrushia Philbert.

Mihayo akasimama na kibegi chake.

"Usininunie," Clever akasema. "Kule watapiga picha. Philbert ana simu nzuri, ana sura ya timu. Wewe panda, utatushikia chaja."

Mihayo akamtazama Recho. Recho alikuwa anakunja kola ya jezi ya Philbert, anaikunja tena na tena, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

Alipanda. Watu waliosikia baadaye walimlaumu kwa hilo kuliko kwa jingine lolote: mtu mzima anavuliwa nguo stendi, naye anapanda gari! Lakini alipanda, akakaa nyuma kabisa na mfuko wa chaja mapajani.

Walifika fainali kwa taabu. Wapinzani walikuwa wenyeji wa Biharamulo, na ushindi ulikuwa wa michezo miwili kati ya mitatu. Wa kwanza Rusumo walishinda. Wa pili ulikuwa aibu tupu. Philbert alijua kila alichofundishwa isipokuwa kufa. Alifika ukingo wa kichaka akasita, akasubiri mwingine atangulie, na wenzake wakachinjwa nyuma yake. Ukumbi ulizomea. Clever akapokonya ile simu mpya, akageuka nyuma.

"Pumba! Njoo ukae. Na leo sitaki kelele zako za ludini, ludini mbele za watu. Funga mdomo, fuata tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," Mihayo akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheza kwenye simu nyepesi. Alisimulia baadaye kwamba ilikuwa kama kutolewa gunia kichwani. Kila kitu kilikwenda pale kidole kilipotaka. Na aliwaona maadui wote: waliosimama wazi na waliojificha, wanakokwenda na watakakotokea, kama vile ukumbi mzima ulikuwa malisho ya Nyakahura na yeye amekaa juu ya kichuguu.

Dakika ya nne, wanne walipotea kwenye ramani. Alijua wapi. Clever akaenda moja kwa moja kwenye kile kichaka. Mihayo akafunga mdomo, akafuata tu. Nyuma yake.

Clever akafa. Akafa Gaspari, akafa Matiasi. Wakafufuka kama mchezo unavyofufua, wakaenda, wakafa tena. Mihayo aliwaponya kwa kuchelewa kidogo, kiasi ambacho mtazamaji hawezi kukijua. Na Recho, aliyezoea kuwa na mtu mbele yake, alisonga kama kawaida bila kutazama, na mbele yake hapakuwa na mtu. Alikufa mara kumi na nne. Mara tatu za kwanza alisema kwa sauti ndogo, "Mihayo?" Kisha akanyamaza.

Walipovunjiwa ngome, kioo kiliandika kwamba Mihayo amekufa mara mbili tu, pungufu kuliko wote. Hapo kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima hakuna aliyemlaumu.

"Angalau Pumba hakufa," Gaspari akasema wakiwa njiani, na huo ndio ukawa mwanzo wa jambo. Kama sapoti hakufa, nani kapoteza? Wote wakamtazama mwenye vifo kumi na vinne.

"Mtu hafi mara kumi na nne bila sababu," Clever akasema polepole. "Wale wenyeji ulikuwa unaongea nao asubuhi, Recho. Nilikuona."

"Nilikuwa naulizia choo!"

"Choo," Clever akarudia, na Philbert, aliyekuwa amekaa kando ya mchumba wake, akasogea kidogo upande wa dirisha.

Mihayo alikuwa nyuma yao na mfuko wa chaja. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema. Walipofika Nyakahura akaomba ashuke akawasalimu wazazi, nao wakamshusha, saa tisa ya mchana, jua likiwa kali.

Alimkuta mzee Shibuda zizini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeshinda?" Habari za mashindano zilikuwa zimefika hata huko.

"Tumeshindwa."

"Kwa nini?"

"Niliona fisi nikanyamaza."

Mzee alimpapasa ndama mgongoni. "Hilo sikukufundisha mimi," akasema, akaingia ndani. Siku zile tatu ambazo Mihayo alikaa pale, mzee hakumwomba hata mara moja awapeleke ng'ombe malishoni. Alimtuma jirani.

Huku Ngara uvumi ulikuwa umekomaa. Ilisemwa Recho ameuza mchezo. Wengine wakaongeza kwamba ameuza na kingine. Philbert alikata mguu nyumbani kwa akina Recho, na mjumbe wake akaja kusema kwa adabu kwamba mambo yasubiri kwanza. Sokoni vijana walipita mbele ya meza yake ya mitumba wakimuuliza bei, kisha wakimuuliza ni bei ya nguo au ya mechi.

Mihayo alikaa na furaha yake kwa wiki mbili. Ilikuwa furaha kweli, tusimpambe. Wiki ya tatu furaha hiyo ilianza kumkaa kooni kama ule unga. Akaenda sokoni. Alimkuta Recho anakunja mashati, amekonda.

"Siku ile uliona tunakokwenda?" Recho akamuuliza kabla hajasalimiwa.

"Niliona."

"Na mimi uliniona."

"Wewe nilikuona zaidi."

Recho akaendelea kukunja. "Ile jezi," akasema, "Clever alikuwa amekuandalia yako. Mimi ndiye niliyesema apewe Philbert. Nilisema kwenye picha utaonekana mchafu." Akainua uso. "Sasa tumelipana. Nenda ukawaambie, basi. Waambie ni wewe."

Mihayo akatoka hapo moja kwa moja hadi stendi. Clever alikuwa anafungua simu ya mtu kwa bisibisi ndogo, Gaspari na wengine wanne wamesimama pembeni.

"Recho hakuuza kitu," Mihayo akasema. "Ni mimi. Nilijua walipo kila mara, nikanyamaza. Nilimwachia njia wazi makusudi. Ule mchezo nimeupoteza mimi."

Clever akaweka bisibisi chini. Akamtazama kuanzia viatu hadi nyusi zake nyeupe, halafu akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mwili mzima.

"Wewe? Wewe Pumba utupoteze sisi? Utupoteze kwa kipi ulicho nacho?" Akawageukia wenzake. "Anampenda yule msichana. Anataka kumbebea msalaba. Hata hapa bado anasapoti!"

Mihayo akaanza upya. Akaeleza dakika ya nne, kichaka kwa kichaka, nani alikuwa wapi. Kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo walivyocheka. Gaspari alimpiga begani akamwambia ana moyo mzuri.

Recho aliondoka mjini mwisho wa mwezi, akaenda kwa shangazi yake Bugarama, na meza yake ilichukuliwa na muuza maharage. Clever alitafuta mrusha mishale mwingine. Jumapili iliyofuata alimtuma Matiasi Nyamiaga kumwambia Mihayo kwamba jezi yake sasa ipo, aje. Matiasi alimkuta amekaa juu ya gunia nje ya mashine, akampa ujumbe, akasubiri jibu. Mihayo akatikisa kichwa, akajitwisha lile gunia akaingia nalo ndani, na Matiasi akawasha pikipiki akarudi mjini.