Kibuyu Kilichopakwa Mafuta

Habari za kifo chake zilinikuta Lodwar, nikiwa dukani nanunua sabuni. Sabuni niliiacha palepale kaunta. Msomaji wangu wa kila wiki anivumilie, leo sina mzaha. Tumempoteza mwanakemia wetu, binti wa Kakuma, aliyeitumia miaka hii ya tisini kupima vitundu visivyoonekana kwa macho.

Kazi yenyewe aliwahi kunieleza tukinywa chai. Ukitaka kujua upana wa vitundu vilivyomo ndani ya silika, ule unga mweupe wa mawe, rula haikusaidii. Unaupasha moto kwanza hadi utoe hewa na unyevu, unaupoza kwa baridi kali ajabu, kisha unaufungulia gesi ya naitrojeni kidogo kidogo. Gesi hunata kwenye kuta za vitundu. Vyembamba hujaa mapema, vipana baadaye, na kiasi kinachomezwa kila mara ndicho kinachotaja upana. Alitumaini udongo mweupe wa kwao, wenye silika hiyo, ungefaa kuchujia maji ya kambini, ambayo wakimbizi na wenyeji waliyanywa kwa kukunja uso.

Basi mama yake akauchimba udongo huo, akautia katika kibuyu chake bora, alichokipaka mafuta ya kondoo kwa ndani, kwa heshima ya safari. Kibuyu kikapanda basi hadi maabara Nairobi. Mashine ikasema hakuna vitundu. Kumbe mafuta yalikuwa yameviziba! Aliponisimulia, mimi nilicheka, yeye hakucheka.

“Nikimwambia mama, atajiona ameniharibia,” alisema.

Akamwambia mashine ilikuwa mbovu, na kwamba angekuja kuuchota udongo mwingine mwenyewe. Homa ikamwahi. Kazi ya Mungu haina makosa, walisema waombolezaji.

Tulipomaliza kumzika Kakuma, nilimwendea mama.

“Ejok,” nikamsalimu.

“Ejok,” akaitikia kwa shida, kisha akanitolea kibuyu kingine. “Nilimwekea udongo ingine. Hii nimepaka mafuta mingi. Ile ya kwanza labda ilikuwa kidogo. Wewe utanipelekea Nairobi?”

“Nitapeleka, mama.”

Sasa nimeelewa kwa nini marehemu, aliyeheshimu kipimo kuliko sisi sote, alikubali kuisingizia mashine. Upendo nao huweza kuziba kile ulichotaka kukifungua, na bado mkono uliopaka mafuta haustahili kukemewa. Kibuyu kiko mezani ninapoandika. Chumba kizima kinanuka kondoo, na sijathubutu kufungua dirisha.