Samaki wa Marehemu Zuleika

Kaltumi hakuwa mtu wa wivu. Muulize mwenyewe, atakuambia, tena kwa sauti ya juu, mkono kiunoni. Alipoolewa na mzee Sebit pale Kansanga, Kampala, alijua fika kwamba anaingia nyumba iliyowahi kuwa na mke, na kwamba mke huyo, Zuleika wa Mombasa, alikwisha kufa, Mungu amrehemu. Shangazi yake aliyetoka Bombo kuja kumkabidhi kwa mume alimnong'oneza, "Usijali, mwanangu. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Kaltumi akacheka, akaingia. Kumbe mla jana kala, kashiba, na sahani yake kaiacha palepale sebuleni.

Sahani yenyewe ilikuwa tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya bahari. Ndani yake walikuwamo samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Wazungu huwaita samaki wachekeshaji, lakini Kaltumi hakuwahi kuona walichochekesha. Mmoja alikuwa mkubwa, mwingine mdogo, na mdogo alimfuata mkubwa kutwa kucha. Chini kabisa palilazwa chungu cha udongo ambacho Zuleika alikuja nacho kutoka kwao akiwa bibi harusi. Samaki walikitagia mayai. "Hata chungu chake bado kina kazi humu ndani," Kaltumi alimlalamikia jirani yake, Docus, "na vyungu vyangu vimepangwa nje jikoni!"

Habari ya tangi hilo aliijua kwa moyo, maana kila mgeni aliyekanyaga pale alisimuliwa, na yeye ndiye aliyekuwa akimimina chai. Sebit aliendesha trela kati ya Mombasa na Kampala ujana wake wote. Huko Pwani akampata Zuleika, akamleta Kansanga, na Zuleika akawa analilia bahari. Akapelekwa Ggaba kuliona ziwa. Akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Hii ni supu iliyosahauliwa chumvi," akasema. Wageni walipofika hapo walicheka mpaka wakashika mbavu. Kaltumi hakucheka. Ziwa limewalisha watu tangu enzi na enzi, leo limekuwa supu? Basi, Sebit asiyejua kumkatalia mtu, akamjengea mkewe bahari ya sebuleni.

Na maji yalikuwa yakitoka huko huko Mombasa hadi leo. Odero, dereva mwenzake wa zamani ambaye bado yuko barabarani, aliyaleta kwenye madumu ya njano aliyoyafunga nyuma ya kiti. Akifika getini hupaza sauti: "Maji ya Zuleika yamefika!" Na mke halali wa nyumba, aliyeolewa mbele ya mashahidi, ndiye anayetoka kumfungulia.

Mengine angeyavumilia. Lakini asubuhi! Kabla ya chai, kabla hajamtazama mtu, Sebit alikwenda kwanza kwenye kioo. "Umeamkaje, mama?" alimwambia yule samaki mkubwa, naye mkubwa akaja mbio kudonoa ncha ya kidole chake. Kwenye Idi Kaltumi alivaa gurbaba mpya, vazi la kwao Wanubi, alilolidarizi kwa mkono wake mpaka macho yakamuuma. Akasimama katikati ya sebule. "Umependeza," alisema Sebit, na uso wake uko kwenye tangi. Siku ile Kaltumi alikwenda uani akamwambia Docus, aliyekuwa akianika nguo, "Iko siku nitawakaanga hawa!" Docus alicheka hadi kibanio kikamtoka mdomoni. Mke wa polisi yule. Neno likimwingia sikioni halitoki.

Alhamisi moja Sebit alikwenda Kibuli kwenye maziko. Kaltumi akaona heri apigane kwa silaha za kwao. Kwa mama yake, mwanamke anayetaka nyumba imjue huifukiza udi. Hufunga milango na madirisha yote, huacha moshi uzame kwenye mapazia na mito, na mume akirudi hujua amerudi kwa nani. Kaltumi akawasha makaa kwenye chetezo, akamwaga udi aliouchanganya mwenyewe, mzito, wa sandali na karafuu na sukari. Akatafuta pa kukiweka chetezo. Akakiweka kwenye rafu iliyo kando ya tangi, ili marehemu naye ajue ni nani yupo. Kisha akaenda kuoga.

Kwenye rafu hiyo hiyo palikuwa na kipampu kidogo kilichovuta hewa ya chumbani na kuipeleka majini. Kaltumi alikisikia kikinguruma kila siku. Hakuwahi kujiuliza kinakula nini.

Alirudi amevaa gurbaba yake ya Idi, na sebule ilikuwa imejaa moshi mtamu. Samaki mdogo alikuwa amejibanza chunguni. Mkubwa alikuwa juu kabisa, amelala ubavu, mdomo ukifunguka na kujifunga.

Tusidanganyane: furaha ilimpanda. Aliketi kwenye kiti, akakunja mikono. Hakumgusa mtu. Kifo ni cha Mungu, na samaki pia hufa. Tangi litauzwa, na hapo litasimama kabati la vyombo. Alikwisha kuliona lile kabati, na milango yake ya vioo, na birika lake la harusi ndani yake.

Ndipo yule mdogo akatoka chunguni. Akapanda juu, akamsukuma mwenzake kwa pua, akashuka, akapanda tena. Kaltumi akauona moyoni uso wa Sebit akiingia na kukuta hivi. Alitaka mumewe amsahau Zuleika. Hakutaka amzike mara ya pili. Na tena azikwe kwa mkono wake yeye Kaltumi, aliyetangaza uani kwamba atawakaanga?

"Banange, jamani mimi!" Alirukia madirisha, akayafungua yote, akakitupa chetezo nje na makaa yake. Akasikia kipampu kikinguruma. Akainama, akakinusa: kilinuka udi kuliko yeye mwenyewe. Akakichomoa ukutani, akakimbilia stoo, akaburura madumu ya Odero. Akachota maji ya zamani kwa jagi, akamwaga mapya, akiyamimina kutoka juu ili yatoe povu na hewa. Mkeka ukaloa, gurbaba ikaloa. Maji yakamrukia mdomoni, naye akayaonja kwa mara ya kwanza, chumvi tupu.

"Basi hii ndiyo iliyokuwa ikikuliza," akasema kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha Zuleika bila kumtukana.

Sebit aliingia akamkuta amepiga magoti kwenye maji, mikono ndani ya tangi hadi viwiko. Kofia ikamdondoka. "Umeumia?"

"Sikuwachoma, mzee! Wallahi!" Maneno yakamtoka kwa fujo. "Ni udi. Nilifunga madirisha, moshi ukaingia kwenye hiyo pampu. Nilisema nitawakaanga, ndiyo, Docus ni shahidi, lakini sikufanya kusudi!"

Sebit alikunja mikono ya kanzu. Alipiga magoti kando yake, akachukua jagi, akaendelea kumimina. Wakamimina wote wawili hadi samaki mkubwa akageuka, akakaa sawa, akashuka taratibu kuelekea chunguni.

"Haya," alisema Kaltumi, amechoka. "Samaki wa Zuleika amepona."

"Huyo si wa Zuleika."

"Si wake vipi?"

"Wake alikufa mwaka ule ule aliokufa mwenyewe. Akabaki dume lake, kadogo hivi." Alionyesha kidole. "Hawa samaki wana mambo yao. Jike likifa, dume hukua, likageuka kuwa jike. Odero akaniletea mdogo mwingine, wakaanza upya. Huyo mkubwa ndiye yule mgane."

Kaltumi aligeuka kumtazama yule mkubwa. Miaka yote hiyo kumbe amemwonea wivu mgane aliyeoa tena. Lakini wivu haukosi chakula.

"Alikaa peke yake muda gani?"

"Miezi michache."

"Na wewe?"

Sebit alikamua pindo la kanzu yake. "Miaka sita."

"Sita!" Kaltumi akainuka, maji yakimchuruzika. "Samaki asiye na akili miezi, na wewe miaka sita! Alikuwa na nini huyo mwanamke? Na mimi nikifa, utakaa mingapi? Sema!"

"Kaltumi. Nilipoingia hapa, nilikuuliza nini?"

Alifungua kinywa amjibu vikali, kisha akakumbuka. "Uliniuliza kama nimeumia."

"Tangi sikuwa nimeliona hata."

 Kaltumi akajifuta uso, akaweka mkono kiunoni, gurbaba ikiwa imemganda mwilini, chapachapa.

"Basi sema nimependeza."

Nyuma ya kioo samaki mkubwa alikuwa ametoka chunguni na kuja mbio, akitafuta kidole. Sebit alilipa tangi mgongo, akamtazama mkewe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umependeza," akasema.